Hayakupandwa, Nani Atapanda?

Kiswahili kina neno moja kwa kazi mbili: unapanda mbegu, na unapanda juu ya paa. Kwa majani ninayotaka kuyazungumzia hapa, kazi zote mbili zimekosa mtu. Hakuna aliyeyapanda, na hakuna anayetaka kupanda kuyatoa.

Tembea kambini mvua zikishachanganya, mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza hivi, halafu inua macho. Juu ya paa la nyasi kavu utaona nyasi nyingine, mbichi, zimesimama. Kwenye mikunjo ya shitingi, yale maturubai tuliyopewa, vumbi la kiangazi limegeuka udongo na mchicha pori umeshika mahali. Pale juu kabisa, kwenye mgongo wa nyumba, tulipoweka mawe na matope ili upepo usiichukue shitingi, pameota kama bustani. Uyoga upo. Mara nyingine kuna mche wa mpapai, au wa mti wa jamii ya mtini, ambao mbegu yake imeletwa na ndege. Watoto wanacheka: nyumba imeota nywele.

Namna ya kuyatoa hayo majani si swali gumu, na nitalijibu kwa kifupi mbele. Swali gumu ni hili: ni wajibu wa nani kuyatoa? Na je, mtu akiyaacha makusudi, amekosea?

Ukiuliza watu utapata majibu mawili. La kwanza: "Hapa si kwetu, tunapita tu." La pili linasemwa kwa sauti ya chini: "Ukisafisha paa lako, hutaandikwa." Wapo wafanyakazi wa mashirika ambao wakisikia majibu hayo wanasema ni uvivu. Mimi nasema si uvivu. Ni hoja, na hoja inajibiwa kwa hoja.

Kwanza tuelewane paa linavyoharibika, maana bila hilo tutabishana hewani.

Paa la nyasi halizuii maji kama sahani. Linayapitisha juu juu. Kila unyasi unampokeza mwenzake tone, tone linateremka mpaka ukingoni, linadondoka. Ndiyo maana wajenzi wetu wanalisimamisha paa la nyasi, karibu nyuzi 45, ili maji yakimbie. Paa likilala, maji yanakaa. Sasa jani likiota pale juu, mzizi wake unafanya kazi ya kizuizi. Maji yanasimama kwenye mzizi, nyasi za chini yake hazikauki kati ya mvua na mvua, ukungu unaingia, nyasi zinageuka mboji. Na mboji ndiyo chakula cha jani la pili. Kwa hiyo jani la kwanza linamtengenezea mwenzake mahali. Mwaka wa kwanza unaona majani matatu, mwaka wa pili huwezi kuhesabu.

Kwenye shitingi ni hadithi nyingine. Shitingi ile ya kawaida ina mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo hilo ni lita 20, yaani dumu moja, au bidoni kama tunavyosema wengine. Mvua nzuri ya milimita 30 ni madumu 30. Hizo ni lita 600, uzito wa kilo 600, ambazo inabidi zishuke zote bila kusimama. Zikikuta mkunjo wenye udongo na majani, zinasimama. Shitingi inatumbukia, fito zinapinda, na siku moja usiku unasikia kitu kimekatika.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wanalijua na wengi wetu tumelisahau. Moshi. Nyumba ya nyasi inayopikiwa ndani inakaushwa kila jioni kutoka chini. Wadudu wanakimbia, unyevu unapungua, nyasi zinageuka nyeusi na kukaza. Tulipohamisha majiko nje kwa sababu ya kuogopa moto na kwa ajili ya vifua vya watoto, tulifanya vizuri, sisemi turudishe moshi ndani. Lakini tujue kwamba kazi iliyokuwa inafanywa na moshi bila mtu kuamrishwa, sasa imebaki bila mwenyewe. Inabidi ifanywe na mikono.

Ndo hivyo paa linavyokufa. Halifi kwa dhoruba moja. Linakufa kwa vitu vidogo ambavyo kila mmoja alivipita akasema kesho. Waswahili walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi, ukuta wenyewe ni wa tofali mbichi za udongo. Paa likishaachia, ukuta unanyeshewa, na ukuta wa udongo ukinyeshewa unarudi kuwa udongo.

Sasa mtu mmoja atasema: lakini jani lina kosa gani? Na lenyewe limekuja kwa upepo, limepata mahali, limeshika. Si kama sisi?

Wazo hilo linamjia kila mtu aliyekimbia. Lina utamu wake, na kuna wanaofika mahali pa kuyaonea majani huruma. Lakini nalikataa, na sababu yangu ni nzito. Katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu tunajua watu walivyoitwa wadudu na magugu kabla ya kuuawa. Lugha hiyo tumeshaona inakofika. Tukianza wenyewe kujifananisha na majani ya juu ya paa, hata kwa huruma, tunampa mwingine ruhusa ya kuendeleza mfano mpaka kwenye panga. Mtu si jani. Jani halikuchagua njia, halina mtoto linayemkumbatia usiku, haliwezi kuombwa lisogee. Ukimwambia jirani yako asogee, anaweza kukuuliza kwa nini, na wewe unawajibika kumjibu. Jani halidai jibu lolote. Tuliite jani, tulitoe, na tusimwite mtu hivyo.

Lakini swali la kosa la jani bado lina maana, na jibu lake linatusaidia. Wapo jamaa zetu Wakongo waliopelekwa Norwei. Kule vijijini utakuta nyumba za mbao zenye nyasi hai juu ya paa, zimekaa hivyo kwa mila tangu zamani. Nyasi hazikuja kwa bahati mbaya. Watu wameziweka. Chini yake kuna maganda ya mti unaoitwa bjørk kwa lugha ya huko, yamepangwa tabaka juu ya tabaka, nayo hayapitishi maji kirahisi. Juu ya maganda ndipo udongo na nyasi vinakaa, na uzito wake unayashikilia maganda yasipeperuke, na nyumba inapata joto. Mbao za chini zimewekwa nene za kubeba mzigo huo.

Kwa hiyo nyasi zilezile zinazooza nyumba yangu zinahifadhi nyumba ya mwingine. Tofauti haiko kwenye nyasi. Iko kwenye paa: je, lilijengwa likiwa tayari kubeba? Na iko kwa mwenye nyumba: je, aliamua? Kitu kinakuwa hakitakiwi pale ambapo kimekuja juu ya kitu kisichoweza kukibeba, na wa chini yake hakuulizwa.

Hata hapa kambini tunalijua hilo bila kwenda Norwei. Mama anapanda boga pembeni ya ukuta, mti wa boga unatambaa mpaka juu ya paa, majani tunakula, boga lenyewe tunakula. Ni jani juu ya paa, lakini mzizi wake uko chini ardhini, na mwenyewe anaweza kulivuta siku akitaka. Huyo usimguse. Na hata yeye mwenyewe akiona fito zinalia, atalishusha boga kabla halijawaangukia. Tofauti ya boga na mchicha pori wa kwenye mkunjo ni kwamba boga lina mtu wa kulijibia.

Hapo nimefika kwenye jambo lenyewe. Paa linahitaji mtu wa kulijibia. Ni nani?

Nianze na jibu la kwanza: hapa si kwetu.

Nalielewa sana. Kuna mtu ambaye kila akishika nyundo anahisi kama anatia saini karatasi ya kubaki. Anasema, nikitengeneza hapa vizuri, nimekubali kwamba nyumba yangu ya Fizi, au ya Uvira, au ya Makamba, imekwisha. Nyumba ile nayo sasa hivi, bila shaka, ina majani juu ya paa, na hakuna wa kupanda. Kusafisha paa la hapa wakati lile la kule linaota msitu, anaona ni kama usaliti. Huyo mtu si mvivu. Anaomboleza.

Lakini tazama miaka. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Tanganyika. Ilikuwa ya muda. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana watoto wake. "Muda" ukishakuwa mrefu hivyo, si neno la kalenda tena. Limekuwa neno la kutuliza watu.

Tazama pia ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 1972. Waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi, wakalima, wakajenga, wakaezeka. Miaka mingi baadaye waliulizwa wanataka nini. Makumi ya maelfu walichagua kurudi Burundi, na walirudi. Wengine, zaidi ya 150,000, walichagua kubaki, na mwaka 2014 wakapewa uraia wa Tanzania. Wote hao walikuwa wameezeka nyumba zao. Wote walikuwa wameng'oa majani juu ya mapaa. Paa zuri halikumzuia aliyetaka kurudi, na halikumpa uraia aliyetaka kubaki. Uamuzi huo ulikuja kwa njia nyingine.

Basi paa si saini. Ukipanda kulisafisha hukubali chochote isipokuwa jambo moja: kwamba usiku wa leo kuna mtu analala chini yake. Hilo ni kweli hata kama kesho basi linakuja kukuchukua. Mtoto wa miaka minne hajui hapa ni wapi, kwetu ni wapi. Anajua godoro limelowa.

Na methali ya mgeni tunaijua wote: siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi inasemwa kutukumbusha kwamba tumezidi kukaa. Mimi naisoma vingine. Siku ya tatu mgeni hapewi matusi, anapewa jembe. Kupewa jembe ni kuhesabiwa miongoni mwa watu wenye mikono. Anayekaa miaka yote akisema "tunapita tu" analikataa jembe ambalo ni heshima yake.

Sasa jibu la pili, lile la sauti ya chini. Hili ni gumu zaidi, na naomba wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa wasiruke aya hizi.

Popote ambapo vitu ni vichache kuliko watu, lazima achaguliwe wa kuanza. Hilo si dhambi ya mtu. Na njia nyepesi ya kuchagua ni macho: mtu na karatasi anapita, anaangalia, nyumba iliyo mbaya zaidi inaandikwa. Inaonekana ni haki, kwa sababu aliye na shida kubwa ndiye anatangulia.

Tuseme kuna majirani wawili. Walipewa shitingi siku moja. Huyu wa kwanza kila kiangazi anaomba ngazi, anapanda, anafagia vumbi kwenye mikunjo, anakata majani, anashona palipochanika. Wa pili hajawahi kupanda. Mwaka wa nne anapita mwenye karatasi. Paa la pili lina msitu, limetumbukia katikati. Anaandikwa. Paa la kwanza limechakaa, limekuwa jembamba kwa jua, mwakani litapasuka, lakini kwa macho linapendeza. Haandikwi. Jioni ile watoto wa nyumba zote mbili wanajifunza somo moja, na hakuna mwalimu aliyewafundisha: kutunza ni hasara.

Sasa we niambie, yule wa pili amekosea?

Naona inabidi tugawanye. Kuna asiyepanda kwa sababu hawezi: ana mimba, ana miaka sabini, ana mguu mmoja, hana ngazi. Huyo hana lawama hata kidogo, na atakayemlaumu ajilaumu mwenyewe kwanza. Kuna anayeongeza uharibifu, anayechana shitingi kwa kisu usiku wa kuamkia siku ya kuandikwa. Huyo anadanganya, tunajua wote. Na kuna wa katikati, ambaye anaweza kupanda lakini anayaacha majani yaonekane. Hasemi uongo. Paa lake limeoza kweli. Anaacha tu ukweli ukue.

Huyo wa katikati ndiye wengi wetu. Na mimi nasema amekosea, lakini si kwa sababu wanazozisema kwenye semina. Hajakosea kwa kumnyima mtoaji shukrani. Shitingi haikutolewa ili inunue shukrani. Amekosea kwa sababu bei ya mpango wake inalipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Mvua inakuja kabla ya karatasi. Kati ya siku jani lilipoota na siku jina lilipoandikwa kuna usiku mwingi, na wanaoukesha ni watoto, ni bibi, ni mgonjwa wa kifua. Pia kuna jirani aliyesafisha, ambaye amepitwa. Mpango wa huyu bwana unasimama juu ya vichwa vya watu ambao hawajakubali kuubeba, kama udongo juu ya fito nyembamba.

Lakini nikishasema hivyo, nageuka upande wa pili, maana kosa halina mwenyewe mmoja. Anayeandika kwa macho amepanda yale majani. Hakupanda juu ya paa. Alipanda kwa karatasi. Amewaambia watu wote, bila kufungua mdomo, kwamba paa linalooza ndilo linalosikika. Ukimlipa mtu kwa majani, atakuletea majani. Huwezi kumfundisha utunzaji asubuhi kwenye mkutano, halafu mchana ukamwadhibu aliyetunza.

Na dawa ipo, haihitaji pesa mpya. Usiandike ubaya wa paa, andika umri wake. Shitingi inauawa na jua hata isipoota kitu, na tarehe ya mgao ipo kwenye makaratasi yenu wenyewe. Andika watu wangapi wanalala chini yake, na kama kati yao kuna anayeweza kupanda. Halafu paa lililotunzwa lihesabiwe kuwa jambo jema kwa mwenyewe: huyu akipewa mpya, itadumu. Muulize jirani pia, kwa sababu nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mwenye karatasi anapita dakika tano mchana wa jua. Mwenye nyumba analijua tundu kwa jina, na anajua ndoo inakaa wapi.

Mpaka dawa hiyo ije, tufanye nini sisi? Tusubiri mwenye karatasi abadilike ndipo tupande? Hapana. Mwenye karatasi ana wajibu mkubwa kuliko wetu, kwa sababu ana uwezo mkubwa. Lakini wajibu wetu ndio wa kwanza, kwa sababu sisi ndio tuko karibu na yule anayelowa.

Nimesema "sisi", na hapo kuna jambo la mwisho. Kwa sababu ukimaliza kusema wajibu ni wa anayelala chini ya paa, unakutana na mama mjane ambaye analala chini ya paa na hawezi kupanda. Unakutana pia na nyumba tupu, ambayo wenyewe wamesafirishwa kwenda Marekani au wamerudi kwao.

Nyumba tupu inakufa haraka. Haina moshi, haina ufagio, haina mtu wa kusikia tone. Ukitaka kuona mwisho wa jambo hili likiachwa kabisa, uko Kenya, karibu na Malindi, kwenye magofu ya Gedi. Ulikuwa mji wa Waswahili, wa nyumba za mawe, na msikiti mkubwa. Watu walihama, kufikia karne ya 17 mji ulikuwa umebaki mtupu. Msitu ukaingia. Wachimbuaji walipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940, walikuta miti mikubwa imesimama ndani ya vyumba ambamo watu walikuwa wanalala. Nyumba za mawe, jamani, si za udongo. Hakuna adui aliyehitajika hapo kuwa na mizinga. Ilitosha kwamba hakuna mtu anayepanda.

Nyumba tupu ya jirani yako haiishi kwenye uzio wake peke yake. Majani yake yakikomaa, mbegu zinapeperuka, na zinatua kwako. Paa lake likishuka, nyoka na panya wanahamia, na wao hawajui mpaka wa klasta. Kwa hiyo hata ukichukua hesabu ya ubinafsi mtupu, paa la jirani ni lako nusu. Lakini sitaki kumalizia kwenye ubinafsi. Mama mjane hastahili kupandiwa kwa sababu mbegu zake zitanifikia mimi. Anastahili kwa sababu mzigo unaoletwa na upepo haukumchagua yeye kwa kosa lake, na mikono ya kuushusha iko hatua kumi kutoka mlango wake. Kama uwezo upo karibu hivyo na unakaa tu, sijui tutauita nini tena.

Vijana wanauliza: tutalipwa? Swali halali. Kambini kazi nyingi za kujitolea zimegeuka njia ya kumtumikisha asiye na kitu. Kuezeka nyumba nzima ni kazi ya siku kadhaa, anayeifanya alipwe, na fundi asiombwe kila mara "asaidie". Lakini kukata majani kwenye paa moja dogo ni asubuhi moja. Kati ya kazi ya kulipwa na salamu kuna eneo dogo ambalo binadamu wanafanyiana vitu bila daftari. Eneo hilo likifa, hata shirika lenye pesa zote haliwezi kulirudisha.

Nami niliahidi kusema namna, basi kwa kifupi.

Fanya kiangazi, mwezi wa saba mpaka wa tisa, nyasi zikiwa zimekauka na kabla ya mvua za mwezi wa kumi na kuendelea. Usivute jani likiwa na mizizi ndani ya nyasi zilizolowa, maana litatoka na paa. Likate kwa kisu au mundu pale linapotokea, uache mzizi ufe kwa jua, ndipo ulitoe taratibu. Usikanyage paa kwa mguu. Laza ngazi juu yake ili uzito ugawanyike, na mtu mmoja ashike chini. Kama fito zimeoza, usipande kabisa, afadhali majani kuliko mgongo uliovunjika. Usimwage sumu wala mafuta ya taa: maji ya paa hilo tunayakinga kwa ndoo, na mafuta juu ya nyasi ni moto unaosubiri cheche. Kwenye mabati usitumie chumvi, itakula bati na misumari. Kwenye shitingi, fagia mikunjo kabla vumbi halijawa udongo. Badala ya matope juu ya mgongo wa nyumba, funga kwa kamba na mawe yaliyoning'inizwa pande zote mbili. Na nyasi za kuezekea, kata zikishapukutisha mbegu, la sivyo umepanda mwenyewe.

Mti ulioingia ukutani ni jambo tofauti. Mzizi uliokaa miaka ndani ya ufa unaweza kuwa ndio unaoushika ukuta sasa. Ukiung'oa kwa hasira, ukuta unakuja nao. Kata matawi, uache ukauke, mwite anayejua ujenzi. Si kila kilichokosea kuingia kinatoka kwa nguvu bila kuondoka na nyumba.

Na kabla ya yote, uliza. Juu ya paa la mtu mwingine hata jani moja lina mwenyewe mpaka aseme halina. Pengine yule bibi anaukausha mmea ule kwa dawa ya tumbo. Pengine ni boga lake. Piga hodi, mwambie: "Shikamoo bibi, tumekuja kuangalia paa, yapi tutoe?" Akisema liache hili, liache. Anayesaidia bila kuuliza naye ni kitu kilichotua juu ya nyumba ya mtu bila kuitwa.

Mwezi wa saba ukifika, viongozi wa vijiji waazime ngazi mbili tatu, zizunguke klasta kwa klasta. Waanze na nyumba ambazo hakuna mtu wa kupanda. Mwenye karatasi akipita siku hiyo akaona watu juu ya mapaa, asiandike kwamba hapa hakuna shida. Aandike kwamba hapa kuna watu wanaotunza, halafu aulize shitingi hizo zina miaka mingapi.